Sufuria moja kwa nyumba mbili

Maneno ya kundi la mapokezi mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali yaliyotoka kwa watu.

Komite imetuomba tuseme juu ya chakula cha mapokezi, kile ambacho chama kinapika jamaa wakifika kutoka ng'ambo. Tutasema hasa juu ya makaroni na kuku, katika sufuria moja, na mchuzi mzito wa maziwa. Tunajua kuna waliocheka waliposikia. Mama mmoja alituambia sokoni: «Makaroni haishibishe muntu.» Tutafika huko. Kwanza tuseme kwa nini mapokezi yenyewe yamekuwa kazi ngumu, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini tunasumbuka na mambo ya sufuria.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2005, boti zilipoanza kutuvusha kutoka Kigoma mpaka hapa. Wengine walikuja miaka iliyofuata. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, waliobaki wakapelekwa Nyarugusu, na mpaka sasa jamaa zetu wanarudi, wengine kwa mpango wa HCR, wengine kwa nguvu zao na mizigo yao kichwani. Yule anayerudi leo haingii nyumbani kwake. Nyumba ilianguka zamani, au kuna mtu mwingine ndani, au kiwanja kina kesi. Anaingia kwa kaka yake, kwa shangazi, kwa mtoto wa mjomba ambaye hawajaonana miaka 15. Wanasema ni kwa wiki mbili. Inakuwa miezi minane.

Basi nyumba ni moja, familia ni mbili, jiko ni moja, wamama ni wawili. Siye tunaopita kuwatembelea tunaona ugomvi unaanzia wapi. Hauanzii kwenye shamba. Kesi ya shamba inakuja baadaye, na ina wazee wake na karatasi zake. Ugomvi wa kwanza ni wa chakula. Nani alinunua unga. Mtoto wa nani alichota mara ya pili. Nani aliweka makala mengi kwenye mbabula ya mwenzake. Na nyama, hasa nyama. Tumeona ndugu wa tumbo moja wameacha kusalimiana juu ya paja la kuku, na mke wa mgeni akabeba watoto akaenda kulala kanisani.

Zamani chama kilikuwa kinatoa bahasha. Makuta ya kotizasio zetu yanawekwa ndani, bahasha anapewa mwenye nyumba, tunapiga makofi, tunarudi. Ile bahasha ilileta maneno. Mwenye nyumba anasema wageni wamekula zaidi ya kilichokuwa ndani. Wageni wanasema hawakuona hata kilo moja ya unga. Wote wawili wanakuja kwa mweka hazina, kila mmoja kwa saa yake. Njo maana mkutano uliamua: bahasha basi, tunapeleka chakula kilicho tayari, jioni ya kwanza, na tunakula nao. Kuamua ilikuwa rahisi. Swali lililobaki ni chakula gani.

Bukari ni chakula chetu, hakuna anayebisha. Lakini bukari ina masharti. Muhogo mchungu unalowekwa siku 3 au 4, unaanikwa, unatwangwa au unapelekwa kwenye mashini. Hiyo kazi hairukwi, kwa sababu ule muhogo una sumu, na ukiliwa bila kulowekwa vizuri siku nyingi unaweza kulemaza miguu. Kule Kwango ugonjwa huo una jina, unaitwa konzo. Sasa mtu aliyefika jana ana muhogo gani wa kuloweka? Akipanda leo, atangoja mwaka mzima, labda miezi 10 ikiwa ni mbegu ya haraka. Kwa hiyo bukari ya siku ya kwanza ni unga wa mwenyeji, na mwenyeji, hata akicheka, anahesabu.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi kulisema. Watoto waliozaliwa kambini wamekua kwa unga wa mahindi na njegere za PAM. Wakiletewa bukari ya muhogo wanasema inateleza, inavutika, wanaisukuma pembeni. Ni watoto tu. Lakini mama mwenyeji ameamka alfajiri kwa ajili ya ile bukari, na anaona dharau. Mama yao anaona aibu, anawapiga. Chakula kimekuwa hukumu kabla ya siku kuisha.

Makaroni haina mwenyewe. Hakuna mama wa hapa anayeweza kusema «hivi njo tunavyopika kwetu tangu babu», na hakuna wa kambini anayeweza kusema «kule tulipewa nzuri zaidi», juu makaroni haikuwemo kwenye mgao. Mbele ya makaroni wote ni wageni sawa. Tena inakaa kavu kwenye pakiti miezi mingi, hailiwi na panya upesi kama unga, na boti ikichelewa siku mbili haiozi ikingoja. Hatusemi ichukue nafasi ya bukari. Tunasema jioni ya kwanza tu.

Sasa kupika. Tutasema polepole, anayeandika aandike.

Kwa watu 10 mpaka 12, wakubwa na wadogo pamoja: kuku mmoja wa kijiji aliyekomaa, makaroni kilo 1, yaani pakiti 2 za gramu 500, vitunguu 4 vikubwa, nyanya 6 zilizoiva, vitunguu saumu, tangawizi kidogo, majani ya seleri, mafuta vijiko 4 vya supu, maziwa ya unga vijiko 10 vya supu vilivyojaa, chumvi. Sufuria iwe ya lita 10. Ndogo kuliko hiyo itamwagika mkikoroga, na nusu ya mchuzi itazima moto.

Kabla ya yote, fanyeni hivi, maana ndiyo siri ya kazi nzima. Mwageni lita 2 za maji kwenye sufuria tupu. Simamisheni mwiko ndani mpaka uguse chini, muone maji yamefika wapi kwenye mti, mkate alama hapo kwa kisu. Halafu mwageni yale maji. Mwiko wenu sasa una kipimo, na utakisaidia chama miaka yote, mradi sufuria isibadilike. Mwiko wa chama tayari una alama. Tunaomba asitokee mtu wa kuupalilia moto nao.

Kuku achinjwe na ndugu Mwislamu. Wanachama wetu ni wa dini mbalimbali na hatutaki mtu akae pembeni anaangalia. Na kuku aliyekufa mwenyewe, hata kama amekufa sasa hivi, hata kama mwili bado moto, haingii kwenye sufuria ya chama. Kideri kikipita mitaani watu wanaleta kuku wa bei rahisi sana. Msinunue.

Mkate vipande, mkaange na mafuta mpaka vigeuke rangi. Tieni vitunguu, halafu nyanya. Hapa msiharakishe. Nyanya zipikwe mpaka maji yake yaishe na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Nyanya mbichi ina uchungu wa ndimu, na ule uchungu ndio unaokata maziwa baadaye, yanakuwa madonge kama yameoza. Mtu anasema maziwa yalikuwa mabaya, kumbe ni nyanya haikuiva. Zikishaiva, tieni lita 4 za maji, tangawizi, saumu, seleri, na chumvi kijiko 1 cha supu. Moja tu kwa sasa. Mkitumia vile vidonge vya supu vya dukani, punguzeni chumvi, juu vimejaa chumvi tayari.

Mfunike. Kuku wa kijiji amekimbia maisha yake yote, hawezi kulainika kwa nusu saa. Mpeni saa moja na nusu, na akiwa ni mama aliyetaga miaka mingi, saa mbili. Moto uwe mdogo, maji yachemke taratibu. Kuku wa kizungu, wale weupe wa kufugwa ndani, wanatosha dakika 40, na maji muanze na lita 3. Ladha yao ni ndogo, lakini hatumkatazi mtu.

Watu wanauliza mafuta ya ngazi. Mafuta ya ngazi ni dawa ya sombe, na ya maharagi, na ya samaki. Kwenye maziwa yanapigana. Waacheni wapumzike siku moja.

Nyama ikianza kuachana na mfupa, itoeni yote, muiweke kwenye beseni safi. Chovyeni mwiko. Mchuzi ukiwa juu ya alama, ongezeni moto, uchemke bila kifuniko mpaka ushuke. Ukiwa chini, ongezeni maji ya moto. Watu wengi wanaona uvivu hapa, wanakisia kwa macho. Mchuzi ukizidi, makaroni inaogelea na kuwa uji. Ukipungua, inaungua chini na juu ni ngumu. Lita 2 kwa kilo 1. Maziwa yatakuja kuongeza nusu lita.

Wakati mchuzi unachemka, vijana wakae na ile nyama, waichambue kwenye mifupa kwa vidole vilivyooshwa na sabuni. Vipande vidogo, kama kidole cha mtoto. Kwa nini tunachambua, tutasema mbele kidogo, juu hapo ndipo palipotokea mabishano.

Sasa makaroni. Moto mkali, mchuzi unatokota, mwage kilo yote mara moja na ukoroge bila kuacha kwa dakika 3. Hizi dakika 3 usiitike mtu anayekuita. Unga wa makaroni unatoka mwanzoni, na ndio unaogandisha moja na nyingine na kushika chini. Baada ya hapo chomoa makala, bakiza kidogo, funika, na kila dakika 2 koroga mpaka chini kabisa. Tumieni makaroni fupi. Spageti ni ngumu kukoroga kwenye sufuria iliyojaa, labda mzivunje kwanza.

Na tunaomba mtusikie vizuri hapa: hatumwagi maji. Wengi tumezoea kuchemsha makaroni kwenye maji mengi, kumwaga, na kuosha tena na maji baridi ili zisishikane. Yale maji meupe yanayomwagwa ndiyo unga wa ngano wenyewe. Katika hoteli za Bujumbura au Lubumbashi wana krimu ya kwenye kopo ya kufanya mchuzi uwe mzito. Siye krimu yetu ni ule unga unaotoka ndani ya makaroni. Ukiumwaga umemwaga chakula ulichonunua.

Kwenye dakika ya 7 au 8 onjeni moja. Katikati iwe bado na ukaidi kidogo chini ya jino. Toeni sufuria kwenye moto kabisa, ikae chini. Maziwa muwe mmeyatayarisha: unga kwenye bakuli, maji ya vuguvugu kidogo kidogo, korogeni mpaka yawe laini kama rangi ya ukuta, halafu mfikishe nusu lita. Mkitia unga mkavu moja kwa moja kwenye sufuria mtakula madonge. Chukueni kikombe kimoja cha mchuzi wa moto, mtie kwenye bakuli la maziwa, mkoroge, ili yazoee joto. Ndipo mmwage yote taratibu kwenye sufuria, mwiko ukizunguka. Rudisheni nyama. Onjeni chumvi, maana sasa ndio wakati wake.

Yakishaingia maziwa, sufuria hairudi motoni. Funikeni, mzungushie blanketi kuukuu au mifuko, au muitie kwenye kikapu chenye majani makavu ya ndizi, mngoje dakika 10. Joto lililomo ndani linatosha kumaliza makaroni. Mtakapofunua mtaona mchuzi umeshika, unang'aa, unafuata mwiko. Ukizidi kukaa utaendelea kukaza, kwa hiyo msiogope ukionekana mwepesi kidogo mwanzoni.

Mwenye lengalenga ateme majani machanga ayatie kabla ya kufunika. Yanaiva kwa joto hilohilo.

Kuna wakubwa wengi ambao maziwa yanawasumbua tumbo. Kwao, au kama maziwa ya unga hayapo dukani, tumieni karanga zilizosagwa, vijiko 6, ziyeyushwe na mchuzi wa moto kwanza. Wengine kati yetu wanasema kwa karanga ni tamu zaidi, na kundi letu halijakubaliana mpaka leo. Lakini karanga zichaguliwe moja moja. Ile iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye kuvu, tupeni. Sumu ya ile kuvu inaharibu ini, na haiondoki kwa kupikwa. Na muulize kwanza kama kuna mtu ambaye karanga zinamvimbisha midomo.

Juu ya makala hatutasema mengi, kila mama hapa anajua gunia limefika bei gani na milima imebaki na miti mingapi. Chakula cha kawaida ni moto wa bukari, moto wa mchuzi, na mara nyingine moto wa mboga. Hapa moto ni mmoja, na dakika 10 za mwisho hauna kazi. Kwenye nyumba yenye mbabula moja na wamama wawili, hiyo peke yake ni amani nusu.

Sasa tuje kwenye nyama, kwa nini tunaichambua.

Mnajua desturi. Firigisi ni ya baba. Paja ni la mgeni au la mkubwa. Mabawa na miguu ni ya watoto. Mgongo na shingo wanabaki nao wamama, na kama ni siku mbaya wanabaki na mchuzi. Kwenye nyumba ya familia moja kila mtu anajua mahali pake. Lakini hapa firigisi ni moja na wapapa ni wawili. Mwenye nyumba ni nani mbele ya kaka yake mkubwa aliyerudi? Mgeni ni nani kwenye nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha baba yake? Ukiweka firigisi kwenye sahani ya mmoja umekata kesi ambayo hata chifu wa mtaa hajaikata. Tumeona sahani ikirudishwa jikoni bila kuguswa.

Nyama ikiwa imechambuliwa, hakuna wa kuhesabu vipande. Kila kijiko kinachochotwa kina kuku ndani yake, cha mtoto kama cha babu. Firigisi na maini tunakata vidogo vilevile na kurudisha. Mifupa tunaweka kwenye sahani ya peke yake katikati, wenye meno yao wachukue.

Tulipoeleza hivyo kwenye mkutano, mzee mmoja alisimama. Aliuliza: mgeni atajuaje kwamba amechinjiwa kuku, kama haoni paja? Akasema mtu aliyekaa ugenini miaka 20 akila chakula cha kupimiwa, siku anarudi kwao anatakiwa aone kwa macho yake kwamba kuna kitu kimekufa kwa ajili yake. Akasema tukimpa nyama ya kutafuta kwa kijiko tumemrudisha kambini.

Watu walinyamaza. Hatukuwa na jibu tayari, na tulikaa na neno lake. Vijana walisema ni mambo ya kizamani. Siye tuliona ana haki, na yeye pia ni mtu aliyerudi. Tukakubaliana hivi: kuku anapelekwa kwa wageni akiwa hai, anawekwa mkononi mwa mkubwa wao, mbele ya mwenyeji na watoto. Huyo mkubwa ndiye anayemkabidhi kwa mchinjaji. Kila mtu ameona. Baada ya hapo nyama inaweza kuchambuliwa bila heshima ya mtu kupotea. Mzee aliuliza kama kuku anaweza kuwa jogoo. Tulisema tutajaribu, ila jogoo ni mgumu zaidi, makala yataongezeka. Komite iliandika «ikiwezekana».

Mama mmoja naye aliuliza nani anagawa. Swali zuri, maana hata nyama ikichambuliwa mwiko unaweza kuzama chini kwa mtoto huyu na kupita juujuu kwa yule. Tuliona kwenye nyumba tatu za mwanzo tulizohudumia, macho ya wamama yalikuwa kwenye mwiko, si kwenye sahani. Basi tunafanya kinyume. Mama mwenyeji anagawia watoto wa mgeni. Mama mgeni anagawia watoto wa mwenyeji. Kwa wazi, mbele ya wote. Hakuna anayetaka kuonekana amemnyima mtoto wa mwenzake, na kwa kawaida wote wawili wanajaza kupita kiasi, tunalazimika kusema «polepole, watu bado». Watu wa kundi letu tunakula mwisho kabisa, kilichobaki, na kikikosa kubaki ni sawa.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, hata mchuzi asionjeshwe. Wale wadogo walioanza kula, pondeni makaroni, na muangalie vipande vya mfupa, vile vyembamba vya mbavu vinapita machoni.

Kuna baba aliyeuliza kama kinachobaki kinaweza kulala mpaka asubuhi. Hapana. Kuku na maziwa, kwa joto letu hili, bila friji, saa mbili zikipita kinaanza kuharibika hata kama hakinuki. Pikeni kwa hesabu ya watu. Kama kuna mtu yuko njiani na atachelewa, mwekeeni sehemu yake ya makaroni mkavu na mchuzi kabla ya kutia maziwa, umchemshie akifika.

Na yule mama wa sokoni aliyesema makaroni haishibishe, alikuja kwenye nyumba ya pili. Alikula sahani mbili. Halafu akatuambia bado ana njaa ya bukari, na akaenda kwake kupika. Tunamheshimu, hakubadili neno.

Sasa mipango. Kuku anatoka kwa mwanachama ambaye zamu imemfikia. Orodha iko kwa katibu, na asiye na kuku anatoa bei yake ya sokoni ya siku hiyo. Makaroni, maziwa na makala vinatoka kwenye mfuko wa kotizasio. Tusiandike bei hapa, maana boti ikichelewa kila kitu kinapanda. Vitunguu na nyanya tunaomba kwa wenye bustani za karibu na mto, na mpaka sasa hawajatunyima.

Sufuria za chama ni mbili. Ile kubwa ina mpini mmoja uliolegea, mtu asiibebe peke yake ikiwa imejaa. Irudishwe kesho yake asubuhi, imesuguliwa na mchanga nje na sabuni ndani, pamoja na kifuniko na mwiko wenye alama. Familia zinazotarajiwa wiki hii ni mbili: moja itakuwa kwa shangazi yao karibu na soko, nyingine kwa kaka yao kwenye njia ya Fizi. Zamu ya kuku ni ya kundi la kandokando ya ziwa. Wanaoweza kuchambua nyama watufikie kabla ya saa tisa, waje na sabuni yao.